Siku Moja Eyam: Tathmini ya Jumba la Makumbusho na Njia za Tauni ya 1665

Juu ya paa la Jumba la Makumbusho la Eyam, katika jimbo la Derbyshire nchini Uingereza, amewekwa panya wa chuma anayegeuka kufuata upepo, mahali ambapo majengo mengi ya nchi ile huwekwa jogoo. Jengo lenyewe zamani lilikuwa kanisa dogo la Wamethodisti, na tangu 1994 limekuwa mahali ambapo wanakijiji wanaojitolea huwaeleza wageni jinsi tauni ilivyoingia Eyam mwishoni mwa majira ya joto ya 1665 na kuondoka baada ya miezi 14, ikiwa imewaua watu wapatao 260. Nimelitembelea jumba hilo pamoja na kanisa, makaburi na mawe ya mpaka yaliyo nje yake, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza au watakaopita huko, ambao pengine wamelisikia jina la Eyam kwa juu juu wakati wa janga la korona na hawajajua kwamba mahali penyewe panafikika kwa basi kutoka Sheffield.

Sikwenda huko kwa udadisi mtupu. Nilikulia katika wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na kuendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20. Tulipokuwa watoto, panya akionekana amekufa uani au darini, hakuna aliyeruhusiwa kumgusa kabla ya mtu mzima kuitwa, na neno mtoki, yaani ule uvimbe wa kinenani au wa kwapani, lilitajwa kwa sauti ya chini hata na watu ambao kwa kawaida hawakuwa na woga wa maneno. Kwa hiyo niliposoma kwamba kijiji kizima cha Uingereza kilikubali kujifungia ili ugonjwa usiwafikie majirani, swali lililonijia halikuwa la ushujaa. Nilitaka kujua watu hao walikula nini, na nani aliwapelekea. Nimeitathmini ziara yote kwa kipimo hicho, na ninaweza kusema tangu mwanzo kwamba Eyam inalijibu swali hilo vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa jibu lenyewe halimo ndani ya jumba peke yake.

Maelezo ya ndani yanaanzia London, na huo ni uamuzi mzuri, kwa sababu mgeni anahitaji kuelewa kwamba Eyam ilikuwa tawi dogo la msiba mkubwa zaidi. Katika mwaka 1665 taarifa rasmi za vifo vya London zilihesabu zaidi ya watu 68,000 waliokufa kwa tauni. Kutoka huko, kwa mujibu wa simulizi la kijiji, lilikuja sanduku la vitambaa lililoagizwa na mshonaji wa nguo. Vitambaa vilifika vikiwa na unyevu, na mfanyakazi aitwaye George Viccars akavitandaza mbele ya moto ili vikauke. Ndani ya mikunjo yake mlikuwa na viroboto. Viccars alifariki tarehe 7 Septemba 1665. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba kiroboto ana hatia yoyote, kwa kuwa bakteria wa tauni alitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894 tu, na uhusiano wa ugonjwa huo na viroboto wa panya ulielezwa na Paul-Louis Simond miaka minne baadaye. Mtu anayetembea mbele ya mabango ya jumba hili inampasa alikumbuke pengo hilo la zaidi ya miaka 200, la sivyo atawahukumu watu wa 1665 kwa elimu ambayo hawakuwa nayo.

Sifa kubwa kuliko zote za Eyam, na ndiyo sababu ya kwanza ya kupendekeza safari hii, ni kwamba marehemu hawakuachwa wakayeyuka ndani ya tarakimu. Kumbukumbu za parokia zimehifadhi majina yao na tarehe za vifo vyao, na kijiji kimezitoa kumbukumbu hizo ofisini kikaziweka barabarani. Mbele ya nyumba kadhaa vimesimamishwa vibao vya kijani vinavyoeleza nani aliishi hapo na nani alikufa siku gani. Nyumba ambamo sanduku lile lilifunguliwa, iliyo karibu na kanisa, ilikuwa ya Mary Hadfield, ambaye kabla ya kuolewa mara ya pili aliitwa Cooper. Baada ya Viccars alifuata Edward, mtoto wa Mary wa miaka 4, tarehe 22 Septemba. Kisha Jonathan, wa miaka 12, tarehe 2 Oktoba. Mume wake wa pili, Alexander Hadfield, mshonaji mwenyewe, alivuka majira ya baridi na masika akiwa hai, akafa tarehe 3 Agosti 1666. Mary peke yake alibaki, akiwa amepoteza ndugu na jamaa 13. Nyumba hiyo bado ina watu, ina mapazia madirishani na maua mbele ya ukuta, na mgeni hana budi kusoma kibao kimyakimya na kuendelea na njia yake kama anayepita mbele ya nyumba yenye msiba. Nilisimama hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote kijijini, nikijaribu kufikiria Agosti ile ya mwanamke aliyekwisha kuwazika wanawe wawili na kudhani kwamba amesalimika na mumewe.

Mpangilio wa vifo kwa miezi unasaidia kuelewa kilichofuata. Oktoba 1665 walikufa watu 23, na kila familia iliyokuwa na pa kwenda ilianza kufikiria kuondoka. Baridi ilipoingia vifo vilipungua, na wakati wa masika vilikuwa vichache kiasi kwamba wengi waliamini balaa limepita. Juni 1666 tauni ikafufuka. Agosti pekee ilichukua watu zaidi ya 70. Mkondo huo wa kupungua na kurudi ndio uliowadanganya, na yeyote aliyeishi katika wilaya yenye tauni ya kurudi kila msimu atautambua mara moja.

Hapo ndipo wanapoingia makasisi wawili, ambao jumba linawapa nafasi inayostahili. William Mompesson alikuwa kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, na alikuwa Eyam tangu 1664 tu. Thomas Stanley, kasisi wa zamani, alikuwa ameondolewa kwenye nafasi yake mwaka 1662 kwa kukataa taratibu mpya za ibada zilizoletwa baada ya ufalme kurudishwa, na sehemu kubwa ya wanakijiji walimheshimu yeye kuliko huyu mgeni. Watu hawa wawili walikuwa na kila sababu ya kutosemezana. Hata hivyo, mwezi Juni 1666 walisimama pamoja mbele ya wanakijiji wakaleta mapendekezo matatu: kila familia izike wafu wake yenyewe, bila kuupeleka mwili kwenye uwanja wa kanisa, ibada zifanyike nje, katika bonde la miamba liitwalo Cucklett Delf, ambako familia zingesimama mbalimbali, na mtu yeyote asivuke mpaka wa kijiji kwenda nje. Mompesson pekee asingeweza kuwashawishi, na Stanley pekee hakuwa na mamlaka. Natamani kila bango kuhusu Eyam liwataje wote wawili kwa pamoja, kwa sababu masimulizi mengi ya nje ya kijiji humtaja Mompesson na kumsahau mwenzake, ambaye alifariki mwaka 1670 bila kurudishiwa nafasi yake.

Pendekezo la kwanza ndilo lililonigusa kuliko yote. Kwetu, na kwa watu wengi watakaosoma maneno haya, kuzikana ni deni ambalo hata mahasimu hulilipa; mtu anaweza kukosa kualikwa kwenye harusi, lakini msibani huenda bila kuitwa. Wasomaji wetu wa mashariki ya Kongo, waliopitia miaka ya Ebola huko Kivu na Ituri, wanajua vizuri jinsi maneno “mazishi salama” yanavyomwumiza mtu aliyezuiwa kuuosha mwili wa mama yake. Wakristo wa Eyam nao waliamini kwamba marehemu anapaswa kulazwa katika ardhi iliyobarikiwa, karibu na kanisa, na kuombewa na kusindikizwa na jamii yake. Kukubali kumzika mtoto wako shambani, kwa mikono yako, pasipo kengele wala kasisi, kulikuwa ni kuacha jambo kubwa kuliko uhuru wa kutembea.

Maana ya uamuzi huo inaonekana kwenye makaburi ya Riley, nje ya kijiji upande wa mashariki. Ni mwendo wa kama dakika 20 kwa miguu, wenye mpando, na ninamsihi kila mgeni asiukwepe. Ndani ya ukuta wa mawe wa duara, katikati ya malisho, kuna mawe ya makaburi ya familia ya Hancock. Kati ya tarehe 3 na 10 Agosti 1666, Elizabeth Hancock alimzika mume wake na watoto wake sita. Simulizi linasema aliifunga miili kwa kitambaa miguuni na kuiburuta hadi mashimoni, na kwamba watu wa Stoney Middleton, kijiji cha jirani, walimtazama kutoka mlimani bila kuthubutu kusogea. Hapana shaka kwamba simulizi hilo limepambwa kadiri vizazi vilivyopita, lakini tarehe hazihitaji pambo lolote: siku nane, makaburi saba, mtu mmoja wa kuchimba. Baadaye aliondoka kwenda Sheffield, kwa mwanawe aliyesalia. Hakuna maelezo mengi mahali hapo, na nashukuru kwamba hakuna. Upepo ni mkali, kondoo wanakula majani hadi karibu na ukuta, na kutoka hapo bonde lote linaonekana, pamoja na barabara ambayo mama huyo angeweza kuikimbilia mapema.

Sasa nirudi kwenye swali langu la chakula. Katika njia ya mashambani inayoshuka kutoka Eyam kwenda Stoney Middleton kuna jiwe kubwa bapa lenye matundu sita. Hili ndilo jiwe la mpaka. Wanakijiji walimimina siki ndani ya matundu hayo, wakatumbukiza sarafu zao humo, wakarudi nyuma. Kisha watu wa upande wa pili wakaja, wakachukua fedha, wakaacha mikate, nyama na dawa. Siki ilitumika kwa sababu watu wa zama zile waliamini kwamba inaondoa sumu ya ugonjwa. Upande wa kaskazini, juu ya mlima, kuna chemchemi iitwayo Kisima cha Mompesson, ambako malipo yaliachwa ndani ya maji yanayotiririka kwa makusudi hayo hayo. Na nyuma ya mpango wote alikuwepo Earl wa Devonshire, bwana mkubwa wa kasri la Chatsworth lililo kilomita chache tu kutoka hapo, ambaye alikubali kupeleka mahitaji ya kijiji ilimradi watu wake wasitoke.

Nimeona wageni wakilipita jiwe hili baada ya kupiga picha moja. Kwa maoni yangu ni kitu cha thamani kuliko vyote vinavyohusiana na tauni ya Eyam, na ningetamani kuwe na benchi karibu nalo ili mtu akae. Kingo za matundu yake zimelainika kwa mikono ya vizazi na vizazi. Ukiweka kidole ndani, unaelewa kwamba mpaka wa Eyam ulikuwa meza ya kupeana kabla ya kuwa ukuta wa kuzuia. Mkataba ule ulikuwa na pande mbili: waliokuwa ndani waliahidi kutotoka, na waliokuwa nje waliahidi kwamba hakuna atakayekufa kwa njaa kwa sababu ya ahadi hiyo. Upande wa pili ungevunja ahadi, ule wa kwanza usingedumu hata wiki mbili. Katika masimulizi yote ya ushujaa wa Eyam niliyowahi kukutana nayo, mikono iliyobeba mikate hadi kwenye jiwe haina majina, na vibao vya kijani, kwa hali ilivyo, vinawahusu waliokufa.

Eyam haikuwa peke yake kutumia njia hii. Mjini Derby, ambako tauni iliingia mwaka huohuo wa 1665, wakulima waliogopa kupeleka mazao sokoni, na biashara ikahamia kwenye tako la msalaba wa zamani nje ya mji, ambako sarafu zilitumbukizwa ndani ya siki vilevile. Jiwe hilo, liitwalo Headless Cross, bado lipo, na msafiri atakayepitia Derby anaweza kulitembelea. Upande mwingine kuna mji wa Colchester, ambao ulipoteza watu wapatao 5,000 katika tauni hiyohiyo ya 1665 na 1666, takriban nusu ya wakazi wake, na ambao leo hautajwi hata kwa sehemu ndogo ya vile Eyam inavyotajwa. Nayasema haya kwa sababu mgeni anaweza kutoka kijijini akidhani kwamba watu wa sehemu nyingine walikimbia tu, ilhali miji mingi ya Uingereza ilijaribu, kwa sheria na kwa mashauriano, kufanya kile ambacho Eyam ilikifanya.

Wasomaji wa pwani watakuwa wamekwisha kuikumbuka hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad kuhusu tauni: mkisikia iko katika nchi msiiingie, na ikiwakuta mkiwa humo msitoke kwa kuikimbia. Hadithi hiyo ndiyo iliyosomwa wakati Khalifa Umar alipogeuza safari yake njiani kuelekea Sham, kabla ya tauni ya Amwas kumchukua Abu Ubayda na masahaba wengine waliobaki. Mompesson na Stanley waliitafuta hoja yao katika maandiko yao wenyewe, lakini mtu aliyelelewa na mafundisho yale ataingia Cucklett Delf akiwa na hisia kwamba ameshawahi kuisikia hotuba iliyotolewa pale. Nilikuwa na rafiki yangu wa Mombasa siku hiyo, na yeye ndiye aliyeyasema maneno hayo kwa sauti tukiwa tumesimama bondeni. Sikuweza kuyaongezea kitu.

Kuna mambo ambayo mgeni anapaswa kuyapokea kwa uangalifu. Katika duka moja, mbali na Eyam, nilinunua kijitabu kinachosema kwamba kijiji kilikuwa na watu 350 na kwamba robo tatu yao walikufa. Hesabu hiyo imerudiwa kwa muda mrefu, na bado inasambaa, lakini utafiti wa kumbukumbu za parokia na za kodi ya meko umeonyesha kwamba wakazi walikuwa wapatao 700 au zaidi. Kwa hiyo waliokufa ni kama theluthi moja. Sioni kwamba msiba unapungua kwa marekebisho haya. Kinyume chake, yanatuonyesha mamia ya watu waliobaki hai, ambao walilazimika kuishi na walichokiona, kugawana mashamba ya marehemu na kulea mayatima, na kundi hilo ndilo lisilosimuliwa vya kutosha.

Vivyo hivyo kwa sura ya hiari. Baadhi ya matajiri walikuwa wamekwisha kuondoka kabla ya Juni 1666, na Mompesson mwenyewe alikuwa amewapeleka watoto wake wawili, George na Elizabeth, nje ya kijiji kabla ya kuwaomba wengine wasitoke. Simlaumu kama mzazi. Lakini mtu anaposoma kibao cha nyumba ya Mary Hadfield na kisha kusoma kwamba watoto wa kasisi walikuwa salama mbali na pale, anaona wazi kwamba gharama ya uamuzi ule haikugawanywa sawa, na kwamba maskini, ambaye hakuwa na ndugu mjini wala farasi zizini, aliombwa kutoa kitu ambacho kwa hakika hakuwa na namna ya kukizuia. Sura ya kijiji cha mashujaa wasio na doa ilikuzwa zaidi katika karne ya 18 na ya 19, na mwandishi mshairi Anna Seward, aliyezaliwa Eyam mwaka 1742, alikuwa mmoja wa walioieneza.

Swali gumu zaidi ni iwapo kujifungia kulisaidia. Zamani ilidhaniwa kwamba panya na viroboto ndio pekee walioeneza ugonjwa, na kwa hiyo baadhi ya watu walisema karantini iliwafungia wanakijiji pamoja na muuaji wao bila faida. Mwaka 2016 watafiti Lilith Whittles na Xavier Didelot walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za vifo vya Eyam, nyumba kwa nyumba, na kukadiria kwamba takriban robo tatu ya maambukizi yalitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na robo tu ndiyo iliyotoka moja kwa moja kwa panya. Kama makadirio hayo ni sahihi, basi jambo lililowaua watu wengi lilikuwa ni kuuguzana ndani ya nyumba zao, na zuio la kutoka lilikuwa na maana kubwa kwa vijiji vya jirani. Inastaajabisha kwamba orodha ya majina, iliyoandikwa kanisani kwa ajili ya maziko tu, ndiyo iliyowawezesha wataalamu kupiga hesabu hiyo miaka 350 baadaye.

Kanisa la Mtakatifu Lawrence liko hatua chache kutoka nyumba za tauni, na ziara haikamiliki bila kuingia. Ndani kuna dirisha la vioo vya rangi linalosimulia tauni na orodha ya marehemu iliyowekwa ili isomwe. Nje, karibu na msalaba wa mawe wa kale uliochongwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kuna kaburi la Catherine Mompesson. Mumewe alimsihi aondoke pamoja na watoto. Yeye akakataa, akabaki kuwatembelea wagonjwa, na akafa tarehe 25 Agosti 1666. Barua alizoandika Mompesson baada ya hapo zimesalia, na katika ile ya Novemba anaueleza mji wake kuwa umegeuka Golgotha, mahali pa mafuvu, kisha anataja kwamba familia 76 ziliguswa na watu 259 wamekufa. Ilinishangaza kwamba mtu aliyevunjika moyo kiasi hicho bado aliona ni wajibu wake kuhesabu.

Hadithi ya Emmott Syddall na mchumba wake Rowland Torre wa Stoney Middleton, waliokuwa wakitazamana kwa mbali bondeni mpaka siku binti alipoacha kuja, inapewa nafasi kubwa mno katika maelezo ya watalii, nami naipita haraka. Yenye uzito zaidi ni habari ya Marshall Howe, mchimba makaburi aliyeugua akapona, na ambaye, akijiona hawezi kuugua tena, aliwazika wasiokuwa na mtu wa kuwazika na kujichukulia mali zao kama ujira. Mke wake na mwanawe walikufa. Ni mtu asiyependeza na aliyehitajika, na nafurahi kwamba kijiji hakijamficha.

Jumba halikomei kwenye tauni. Linaendelea na uchimbaji wa madini ya risasi, ufumaji wa hariri na utengenezaji wa viatu, yaani kazi zilizowalisha watu wa Eyam katika karne zilizofuata. Sehemu hiyo wageni wengi huikimbia, na kwa kweli haina nguvu kama ile ya kwanza, lakini niliona ni halali kwa kijiji kukataa kujulikana kwa miezi 14 tu ya historia yake. Baada ya tauni Mompesson alihamia Eakring, katika jimbo la Nottinghamshire, mwaka 1669, na waumini wake wapya walimwogopa kiasi kwamba ilimbidi aishi kwa muda kwenye kibanda katika bustani ya Rufford mpaka hofu ilipotulia. Yule aliyeomba mpaka ufungwe alifungiwa na mpaka mwingine, na sijui ni nani aliyempelekea chakula huko.

Kwa anayetaka kwenda: basi kutoka Sheffield linafika kijijini, na wenye gari watapata maegesho mkabala na jumba. Jumba hufungwa wakati wa majira ya baridi, hivyo ni vyema kuhakikisha siku za kufunguliwa kabla ya kusafiri. Jumapili ya mwisho ya Agosti hufanyika ibada ya kumbukumbu katika Cucklett Delf, na mtu anayeweza kuchagua siku yake na aichague hiyo. Njia za Riley, kisima na jiwe la mpaka zote zina mawe na tope, kwa hiyo viatu imara ni lazima, na wazee au wenye matatizo ya magoti watafanya vizuri kubaki kanisani na kwenye nyumba za barabara kuu, ambako ardhi ni tambarare kiasi. Watoto wa umri wa shule wataelewa karibu kila kitu ndani ya jumba, ila mzazi awe tayari kwa maswali, maana picha na sanamu za wagonjwa hazikufichwa. Aanze na jumba, kisha vibao, kisha kanisa, na kwa njia hiyo kila jina atakaloliona nje atakuwa amekwisha kulisikia ndani. Mwenye siku nzima aende Riley asubuhi, kabla miguu haijachoka. Mwenye saa mbili tu aache kisima kilicho mlimani, aache hata bonde, ashuke na njia ya Stoney Middleton mpaka kwenye jiwe lenye matundu sita. Siku niliyofika mimi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na matundu yote yalikuwa yamejaa maji; katika mawili kati yake mtu alikuwa ametumbukiza sarafu.